Jua Lililoingia Kwenye Kamera

Mjukuu wangu Hamdi,

Assalamu alaykum kutoka Garissa. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Ayeyo, bibi yako, bado ananificha sukari, nami bado naipata.

Unauliza kama filamu za picha zitaisha madukani, maana umejinunulia kamera kuukuu kuliko mimi. Sijui, mwanangu. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha, na nusu ya wateja niliwakata vichwa.

Siku moja huko Kotile, mama mzee aitwaye Dahira alitaka picha ya kumtumia mwanawe aliyekuwa Kanada. Hawakuwa wameonana miaka minane. Filamu yangu ilikuwa imebaki picha moja tu. Nikampiga hiyo.

"Sasa fungua nione kama nimeingia."

"Ayeyo, hii haifunguliwi, mwanga utaiharibu filamu."

"Kijana, unanikatalia mimi?"

Wallahi sikuweza. Nikafungua, nikafunga upesi, lakini jua lilikuwa limeshaingia.

Picha iliporudi kutoka kusafishwa, uso wake ulikuwepo, ila pembeni shungi lilikuwa limeyeyuka ndani ya wekundu. Mpaka leo nikisinzia alasiri ninauona ule wekundu. Nikampelekea kwa aibu. Akaigusa pembeni kwa kidole.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Ni jua, ayeyo. Liliingia tulipofungua."

"Basi mtumie hivyo hivyo. Kila barua analia baridi. Na aote jua la kwao."

Simu yako, Hamdi, ingemwonyesha papo hapo, na lile jua lingebaki nje.

Babu yako, asiyejua kuwakatalia wazee.