Karatasi ya Mwisho ya Emmett Zerbe

Mwaka umetimia, Emmett, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipomwambia Fern kwamba kahawa ni nyepesi, ukafumba macho kitini pako, usiyafumbue tena. Kahawa haikuwa nyepesi. Fern mkeo anataka hilo liandikwe kabla ya mengine.

Banda lako la kazi nyuma ya nyumba liko kama ulivyoliacha. Mashine ya kukereza imefunikwa turubai, aproni iko kwenye msumari wake. Mpaka mwezi wa tatu hakuna aliyethubutu kufagia chini ya mashine. Siku Fern alipofagia alilia, kwa sababu vile vinyoya vya chuma vilivyojikunja sakafuni vilikuwa vya mtutu wa bunduki ya Twila, binti yenu.

Kwa wasiokujua: ulifanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na mmoja, na ulipostaafu ukatengeneza bunduki za shabaha, moja moja, kwa watu wa klabu za bonde hili. Bunduki za kutoboa karatasi, basi. Wiki ya kufunguliwa msimu wa kulungu, wawindaji walipokuja mbio na bunduki zao zilizolala mwaka mzima na kutu, walikuta kibao mlangoni: Nimetoka. Hukuwa umetoka. Ulikuwa ndani unakula mkate na siagi ya tufaha, na redio umeizima wasikusikie.

Lakini Delbert Rupp alipokatwa kidole gumba na msumeno, hukungoja aje. Ulimfuata wewe, ukaupima mkono wake uliobaki na vidole vinne, ukamchongea kitako kipya cha bunduki cha kushikika kwa vidole hivyo. Ulimwambia ni kipande cha mbao kilichobaki tu. Kilikuwa mti wa jozi ulioukausha darini miaka kumi na minane. Delbert amejua mwaka huu, Fern alipomwambia. Akasema, "Alinidanganya vizuri yule mzee."

Ulikuwa na sheria moja, na kila mteja aliijua. Bunduki haitoki bandani bila karatasi yake. Uliipeleka mwenyewe uwanja wa klabu, ukalala kifudifudi na mkanda umeubana mkononi, ukapiga risasi tano kwenye karatasi safi yadi mia mbili mbele. Zikikaa pamoja, uliandika jina lako na tarehe kwa penseli, kwa sababu wino huogopa mvua. Zisipokaa pamoja, bunduki ilirudi kwenye mashine.

Mafundi wengine hupima wakiwa wamekaa mezani, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Wewe hukutaka. "Mwenyewe ataipiga amelala," ulikuwa ukisema. "Mimi niipime nimekaa kama karani, kwa nini?"

Mganga hajigangi. Uliwatengenezea watu wa wilaya tatu, na mtoto wako Twila akapiga shabaha kwa bunduki za kuazima tangu ana miaka kumi na sita. Mwaka juzi, majira ya baridi, hatimaye ulimsimamisha jikoni ukampima mikono kwa utepe wa kushonea wa mama yake.

"Simama sawasawa."

"Baba, nina miaka thelathini na minane. Sijarefuka."

"Shingo imerefuka. Ni ya kumchungulia mama yako anapika nini."

Ulimkerezea mtutu ule wiki tatu, ukipima mpaka sehemu ya elfu moja ya inchi, na sehemu hiyo ukaigawa tena. Hatukuwahi kukusikia ukipiga mbinja bandani, ila majira yale ya baridi tulikusikia.

Mwezi wa tano ukaenda kuipima. Matundu matano yalisimama moja juu ya jingine kama vifungo vya shati. Kulia na kushoto hayakupishana hata kidogo, lakini kutoka la juu hadi la chini zilikuwa inchi tatu. Ukalaumu baruti, ukaipima upya punje kwa punje. Vifungo vya shati. Ukalaumu namna chuma kilivyolala kwenye mbao, ukabandua gundi yote ukakilaza upya. Vifungo. Ukalaumu mdomo wa mtutu, ukaukata nusu inchi, ukaukereza upya. Kisha nusu inchi nyingine, na nyingine tena. Kufika mwezi wa saba mtutu wa Twila ulikuwa umepungua inchi moja na nusu, na mtutu ukikatwa hauungiki.

"Baba, mwisho utanipa bastola," Twila alisema.

Hukucheka. Ndipo tulipojua kuna jambo.

Aliyeliona jambo lenyewe ni mdogo wako Loren. Yeye aliacha shule na miaka kumi na mitano akaenda kiwanda cha mbao, na tangu hapo anasema kama anavyopasua, moja kwa moja bila kulainisha. Kila ulipopima bunduki alikaa kando yako na darubini, akikutajia kila risasi ilipoangukia. Jumamosi moja alitoa jicho kwenye darubini amfukuze nyigu, akaona kofia yako. Ulikuwa umelala tuli, pumzi umeizuia, hata jani lingekaa mgongoni pako. Lakini ukingo wa kofia ulikuwa unaitikia. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Na mdomo wa mtutu ulikuwa unaitikia pamoja nao. Loren akatazama shingo yako, akaona mshipa unavyoruka.

Alingoja ulipokwenda kwenye gari kuchukua pakiti nyingine ya risasi, akaiweka bunduki mezani juu ya mifuko ya mchanga, akapiga tano. Uliporudi, kwenye darubini ulikuta karatasi ya pembeni ina matundu matano ambayo sarafu ya robo dola ingeyafunika yote.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Hakuna. Bunduki ni nzima, kaka. Mbovu ni wewe."

"Meza haihesabiki."

"Basi hesabu kofia. Inapiga saluti kila moyo wako unapopiga. Nenda hospitali, uache kumkatia mtoto bunduki yake."

Ulipakia vitu garini ukaondoka, na Loren akarudi kwa miguu maili nne. Siku tisa hukumsemesha. Mlitumia sanduku moja la barua barabarani miaka ishirini, na wa kwanza kupita alichukua barua za wote. Siku zile tisa ulichukua zako, ukaacha zake humohumo.

Siku ya tano Fern alikuingiza garini kama mtoto, akakupeleka kwa daktari. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa unavuja, na ulikuwa umevuja miaka. Moyo umetanuka, umechoka, na kisu kingekumaliza kabla ya ugonjwa. Fern ndiye aliyempigia Loren simu. Loren alisema, "Haya, shemeji," akakata, akakaa ukumbini mpaka chakula kikapoa. Kulijua alikuwa amelijua. Lililomkaa kooni kama kibanzi ni namna alivyolisema. Mbovu ni wewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya kumi ulifika ukumbini kwake na barua mkononi.

"Barua zako. Zinanuka ukungu."

"Daktari kasema nini?"

"Kasema ulichosema wewe, ila kwa adabu. Vaa viatu."

Uwanjani ulitandika mkeka wako wa kulalia, ukamwonyesha. "Lala."

"Mimi? Na tumbo hili nililaze wapi?"

"Lilaze chini yako. Limeomba kulala siku nyingi."

Akalala, akaguna, ukamfunga mkanda mkononi wewe mwenyewe. Kisha ukakaa kwenye kiti cha kukunja, jicho kwenye darubini, ukamsomea vibendera vya upepo. "Ngoja. Ngoja kidogo, bwana mdogo, cha mbali kinageuka. Ngoja. Sasa." Mara tano hivyo. Ulikwenda mwenyewe kuchukua karatasi, yadi mia mbili, ukasimama njiani mara mbili kutweta, ukakataa kushikwa mkono. Ulirudi nayo. Matundu matano, na sarafu uliyoweka juu yake iliyafunika, ukabaki unywele mmoja tu nje.

Ukatoa penseli sikioni ukampa. "Andika jina lako."

"Hiyo ni kazi yako."

"Aliyepiga ndiye anayeandika. Sikupiga mimi."

"Basi utapiga mwenyewe ukipona."

Ulimtazama. Miaka sitini na kitu ya undugu, na Loren alikuwa hajawahi kukudanganya. Alikwambia gari lako jipya lilikuwa limepata ajali likapakwa rangi. Alikwambia umeimba vibaya kanisani siku ya Pasaka. Alikwambia mbovu ni wewe. Na sasa, kwa jambo dogo la kuandika jina, akashindwa. Wewe ulijua, na yeye alijua kwamba umejua.

"Haya," ukasema. "Nikipona." Ukairudisha penseli sikioni. Ulimwachia uongo wake, kama ulivyowaachia watu wengi vitu vizuri na kuwaambia ni mabaki.

Bunduki ikarudi bandani. Karatasi ukaitundika juu yake bila jina. Baada ya miezi miwili na siku chache tukakuzika mlimani nyuma ya kanisa.

Mwaka huu wote Twila amekuja kila Jumapili akaipaka mafuta, akairudisha pale pale. Loren alimwambia aichukue, ni yake.

"Haina karatasi, baba mdogo."

"Karatasi ile pale ukutani."

"Haina jina."

Loren angeweza kuandika siku yoyote, herufi zake chache anazijua. Lakini kuandika kungekuwa kusema kwamba wewe hutaipiga, na mtu aliyewaambia watu wote ukweli maisha yake yote alikuwa hajaweza kujiambia huo mmoja.

Jumamosi iliyopita klabu ilipiga shabaha ya mwisho ya msimu. Ijumaa Twila alisema ataazima bunduki kama kawaida. Loren akaweka kikombe chini, akaenda bandani. Alikuta penseli yako kwenye kopo, akaichonga kwa kisu kama ulivyoichonga wewe. Hakuandika tarehe ya Ijumaa. Aliandika ya siku ile ya mwezi wa nane, kwa sababu risasi zilipigwa siku ile, na wewe hukupenda karatasi iseme uongo. Chini yake akaandika polepole:

Amepiga Loren Zerbe. Upepo umesomwa na Emmett Zerbe.

Akaishusha bunduki, akampa Twila mikononi. "Haya, mwanangu. Ina karatasi."

Utataka kujua ilivyopiga. Risasi nne za kwanza ziliingia tundu moja. Ya tano ilikwenda juu, na Delbert Rupp, aliyeshika darubini, akauliza kama mtutu umepata moto. Twila alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Bunduki ni nzima," alisema. "Ni mimi."

Loren akageuka akatazama vibendera kwa muda mrefu, ingawa hapakuwa na upepo.

Jumapili hii baada ya ibada tutakuja kaburini, kisha nyumbani kwa chakula. Waliopigiwa karatasi na Emmett, na walio nazo bado, waje nazo tuzitandaze mezani. Kahawa atapika Fern, na itakuwa nzito.

Wanaokukumbuka: mkeo Fern, binti yako Twila na mumewe Galen, mdogo wako Loren na mkewe Arvilla, Delbert Rupp na wote wa klabu.

Siku zote tulizobakiwa nazo, Emmett, tutakukumbuka.