Najinyoosha Kidogo Tu

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu yaja yaenda, nami vivyo hivyo: naketi, nainuka, naingia chumbani, natoka. Situlii.

Tangu hoteli ituambie sisi wa mapokezi kwamba wageni wamepungua na kazi basi, jibu langu limekuwa moja. Mama akiita, "Zuhura! U wapi?" huitika nikiwa kitandani, "Abee mama, najinyoosha kidogo tu." Asubuhi najinyoosha. Adhuhuri najinyoosha. Na usingizi wenyewe hata sina! Nakodolea macho dari, moyo wanienda mbio kana kwamba nimechelewa zamu.

Sijabisha hodi hoteli nyingine hata moja. Naogopa kuambiwa tena kwamba sihitajiki.

Leo jirani yetu Bi Mwanakombo kanishika mkono kanitoa nje. Kuna darasa la yoga la wanawake pale Shelly Beach, la msimu huu wa kusi tu, wageni wakiwa haba. Wageni wakirudi, mwalimu naye hurudi kuwafunza wao. Nilikwenda kwa kumwonea haya mtu mzima, si kwa kupenda. Na niliona uchungu, nisiseme uongo. Mchanga ule ule niliokuwa nikiwaelekeza wageni, leo nimetandika mkeka wangu mwenyewe, sina kazi.

Tukajikunja, tukajipinda. Bi Mwanakombo na dera lake akicheka kila goti lilipoalika. Mimi nilikuwa na hasira tu. Na nani? Sijui.

Mwishoni mwalimu Njeri, binti wa bara, akatuambia tulale chali, mikono kando, tutulie kama maiti.

Tukajilaza.

Halafu Bi Mwanakombo akainuka kitako. "Maiti? Hasha! Wallahi siigizi mimi. Siku yangu ikifika nitalala vizuri tu bila kufunzwa!"

Akina mama wakavunjika mbavu. Njeri maskini akababaika. Ndivyo alivyofunzwa yeye, mkao huo jina lake ndilo hilo. Nami, bila kufikiri, nikasikia sauti yangu ya mapokezi, ile niliyodhani nimeiacha kule kazini: "Mama zangu, mwalimu ataka tujinyooshe kidogo tu."

Wakalala wote. Hata Bi Mwanakombo.

Mimi sikulala. Nilikaa pale kitako nikiwatazama. Neno nililokuwa nikijifichia chumbani limetoka mbele za watu, na limefanya kazi.

Njeri ameniomba Alhamisi nisimame naye mbele, nimsaidie kusema na akina mama. Si ajira, najua. Nikamwambia nitafikiria. Muongo mimi! Moyoni nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Bado sijatulia. Ila leo wahka wangu wanivuta nje, si kitandani. Kesho inshallah naanza na hoteli iliyo karibu, nibishe hodi. Wakisema hawanihitaji, nitakwenda ya pili.

Mama ananiita sasa hivi, naandika haya akiwa uani. "Zuhura! Bado wajinyoosha?"

"Abee mama. Nishainuka."