Makoti ya Mvua Chini ya Kitanda Changu

Goma, Keshero

Mama Kahindo, mke wangu,

Jambo sana. Muko aje kule Butembo? Mugongo wako umepona? Na Kahindo binti yetu, anasoma ao angali anakimbia hesabu? Mimi niko muzima, lakini wa mwili tu. Barua hii nimeipatia shofere wa lori ya vitunguu, kwa sababu kwenye simu nimeshakudanganya, na nikisikia sauti yako nitadanganya tena. Kaa kwanza, ndiyo usome.

Unajua kazi yangu: kupangia watalii mifuko ya kwenda kushinda siku moja ndani ya parc, mbuga ya wanyama, kuangalia ngagi, wale sokwe wakubwa. Kazi ya kuchekesha. Mutu mukubwa, mwenye akili zake, anataka kutembea kwenye matope, halafu anadai crème ya jua, crème ya mbu, crème ya midomo. Utasema anaenda kujipaka, haendi porini. Mama zetu wanapita musitu ule ule na gunia la makala ya kupikia mugongoni, kandambili kwenye miguu, na hakuna mutu anawapangia mufuko. Kwa hiyo niliwazarau wageni, na liste yao ya vitu, na patron, mukubwa wetu wa kazi, mwenye kuandika liste.

Lakini zaidi nilimuzarau yaya yako Paluku, kaka yako mukubwa, yeye mwenye kuniingiza kazini. Pale depo, kwenye stoo yetu ya vitu, sheria ni moja: mimi napanga, kisha Paluku anafungua kila mufuko, anahakikisha, anatia signature. Mifuko yangu hakuifungua hata siku moja.

«Shemeji,» aliniambia, «kwetu mutu hapekui mufuko wa mume wa dada yake. Nikija kwako kula nitakuangalia na macho gani?»

Anagusa mufuko juu juu na mukono, anatia signature. Nikamuona mujinga wa mwisho.

Siku moja tulikuwa na wageni wane. Jana yake nilipaswa kufua makoti ya mvua ya depo, ya kuwatilia ndani ya mifuko, yalikuwa yamejaa matope. Mimi nikaenda Kituku, kando ya ziwa, nikala samaki sambaza, nikakunywa bière yangu. Asubuhi makoti yangali yananuka kwenye beseni. Nikajisemea: na kiangazi hiki, mvua ya wapi? Nikatia magunia tupu ndani, chini kabisa ya kila mufuko ili ivimbe. Juu nikapanga maji, mikate, mayai ya kuchemsha, na barakoa za kuvaa mbele ya ngagi.

Paluku akagusa, akacheka: «Shemeji, umeipamba kama bibi-arusi!» Akatia signature, akaibeba, akaenda na wageni.

Kule juu ikanyesha mvua ya mawe. Paluku akafungua mifuko: magunia. Mama muzungu mumoja, muzee kama mama yako, alitetemeka mpaka akashindwa kusema. Paluku akavua koti lake, akamuvalisha, akamubeba mugongoni mpaka kwenye gari. Yeye na singlet tu. Shofere wa wageni aliponipigia simu kunieleza, nilikimbia kuficha makoti chini ya kitanda changu. Huyo ndiye mume wako.

Patron akatuita.

«Signature ya nani?»

«Yangu,» Paluku akasema.

«Makoti iko wapi? Uliuza?»

Nilingoja anitaje. Nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Patron akamufukuza.

Inje nikamwambia: «Sema kitu basi, hata unitukane!»

Akakohoa sana, ndiyo akasema: «Nikikutaja, dada yangu atakula nini? Lakini shemeji, kuanzia leo mifuko yako waifungue.»

Na mimi nikashika simu, nikakuambia kama yaya yako ni mwizi. Kisha ukanieleza kama alirudi Butembo, akaja kwetu, ukamuacha asimame mulangoni, haukumupatia kiti. Nikajibu: «Umefanya vizuri.»

Nilienda kwa padri kuungama. Akanipatia sala, nikazimaliza kabla ya kutoka kanisani. Lakini padri hakumunyima mutu kiti. Ni wewe, kwa sababu ya mudomo wangu.

Leo asubuhi nimeweka yale makoti mane kwenye meza ya patron. Akaniangalia kama kitu kimenata chini ya kiatu chake. Akasema: «Paluku arudi, kama angali anataka kuona sura zetu. Wewe, toka.» Kwa mara ya kwanza nilimuona patron mutu wa akili.

Nisalimie mama yangu, umwambie asitoke kunipokea. Nisalimie baba mukwe, mwenye kunipatia binti yake bila kupekua mufuko wangu.

Sasa tuma mutu amuite Paluku. Mukalishe kwenye kiti changu, kile karibu na moto, umupikie chai ya tangawizi kwa kile kikohozi. Musomee yote, usiruke mustari. Akikasirika, umuache. Mimi nakuja na lori ya wiki yenye kuja. Nitasimama pale mulangoni, pale ulimusimamisha yeye, mpaka aseme niingie.

Mume wako Kambale,
mwenye kupanga mifuko