Msingi wa Ghorofa, Pensheni ya Vyumba Viwili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, na naomba usome mpaka mwisho ndipo unicheke, maana mimi ni mtu ninayeheshimika, ni fundi mwashi, nimejenga miaka thelathini na sita, ishirini ya mwisho nikiwa msimamizi wa mafundi kwenye kampuni ya ujenzi, na wenzangu waliniita Timazi, ile kamba yenye chuma tunayopimia ukuta kama umesimama wima, kwa sababu ukuta wangu haujawahi kuinama hata unene wa ukucha. Benki ya karibu na soko nimeijenga mimi, wodi ya wazazi mimi, shule waliyosoma wanangu mimi, na kila tukipita hapo namwonyesha mke wangu kwa kidole, naye hunijibu kwamba ameshaiona.

Sasa mtu niliyejengea mji mzima nimestaafu nikiwa mpangaji. Kiinua mgongo kilipotoka mke wangu aliniambia tujenge vyumba viwili, jiko na choo kwenye kiwanja chetu tulichonunua zamani, tuhame, tusizeekee kwenye nyumba ya kupanga, nikamwambia sawa mama, na nilikuwa namaanisha, lakini nilipofika kiwanjani na mafundi niliowafundisha mwenyewe wakaniuliza, "Mwalimu, tunachimba msingi wa nini?" mdomo wangu ukasema ghorofa. Mungu ananiona, sikuwa nimepanga, ila nitawaambiaje wachimbe cha vyumba viwili watu waliojifunzia kazi kwangu kwenye majengo ya ghorofa tano? Tukachimba mpaka mtu akisimama ndani haonekani, tukamwaga zege, tukasimamisha nguzo, kila nguzo nikaipima mara tatu, nikanunua kabisa na nondo za ghorofa ya juu nikazifunika turubai, na nakwambia, mshauri, upande wetu wote hakuna msingi kama ule, hata leo nikiuona moyo unajaa. Tulipomaliza sakafu, hela nazo zikamalizika.

Tangu hapo kodi imepanda mara mbili, unga umepanda, gesi imepanda, nauli imepanda, dawa zangu za presha zimepanda, kisichopanda ni pensheni peke yake. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na anafanyia kazi hapo hapo sebuleni, hajui kwamba kiinua mgongo kimekwisha. Kila akiniuliza kuta zinaanza lini namwambia zege linakomaa. Mshauri, zege linakomaa siku ishirini na nane, mimi nimelikomaza miezi saba.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwenye nyumba kumwomba anivumilie kwenye ile nyongeza ya kodi, akanishangaa, akasema mama ameshailipa tangu tarehe mbili, kwa hela za kushona sare za shule. Nilirudi nikamkuta kwenye cherehani yake, akaniuliza tu zege linaendeleaje. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kuna kijana niliyemfundisha kushika mwiko, leo ni mkandarasi mkubwa, amenifuata kwa adabu akitaka kununua kiwanja na msingi wake, anataka jibu mwisho wa mwezi. Na kuna fomu ya mkopo wa wastaafu iko kwenye mfuko wa koti, nikitia sahihi nitainua walau ghorofa ya kwanza, ila watakata zaidi ya nusu ya pensheni kwa miaka minane. Kupiga bati juu ya vyumba viwili kwenye msingi ule siwezi, watu watapita wakicheka. Nikope au niuze?

Wako, Fundi Timazi, mpangaji.

JIBU

Fundi, nimesoma mpaka mwisho na kucheka nimecheka, pale kwenye zege, utaniwia radhi. Halafu nikafika kwenye sare za shule, kicheko kikaniisha.

Kwanza nikupe haki yako. Miaka thelathini na sita bila ukuta kuinama, wodi imejaa watoto wa watu na paa halijavuja, hiyo ni heshima ambayo wengi wanaoendesha magari makubwa hawana. Tembea kifua mbele, hakuna atakayekuuliza. Lakini kaka yangu, mtu hujikuna anapojipata. Wewe ulipoulizwa swali moja na vijana wako ukajenga kwa ajili ya macho yao, na macho ya watu hayalipi kodi. Mkeo alikuambia vyumba viwili. Angekuwa bosi wako kazini ungefuata ramani yake mpaka choo cha mwisho.

Hiyo fomu ichane leo. Unakula pensheni nzima na bado haitoshi, utakulaje nusu kwa miaka minane? Utapandisha kuta za ghorofa ya kwanza, hela ziishe kabla ya paa, ubaki mpangaji mwenye deni.

Kiwanja usiuze. Najua bei ni nzuri na kijana ana adabu. Lakini hela za kiwanja zitakwenda kwa mwenye nyumba kidogo kidogo, na kwa jinsi kodi inavyopanda, baada ya miaka michache hamtakuwa na hela wala mahali pa kwenda. Kijana muuzie nondo. Zimelala chini ya turubai zinaliwa na kutu, na bei yake leo si ile uliyonunulia. Yeye ni mkandarasi, anazihitaji kuliko wewe. Hela zake zitakupa matofali, bati na mbao za vyumba viwili, jiko na choo, pale pale juu ya huo msingi wako, kwenye kona moja. Sehemu nyingine ya sakafu iache wazi, mkeo aanike nguo.

Ufundi hutalipa, maana fundi ni wewe. Na hao uliowafundisha waite Jumamosi nne. Najua unaona vibaya kuomba, umezoea kutoa amri. Waombe hivyo hivyo. Mtu akikufundisha kazi inayolisha wanao, siku akikuita unashukuru kwamba amekuita. Kuta zikisimama na bati likiwa juu, hamieni. Lipu na rangi mtapiga mkiwa ndani. Ile hela ya kodi ikibaki mkononi, kwanza dawa zako, kisha mtungi wa gesi, inayobaki ikae benki kwa majina yenu wawili. Ghorofa ya juu waachie wajukuu, msingi umeshawawekea.

Kuhusu watu kucheka, mimi nilistaafu ualimu mkuu nikatoka nyumba ya vyumba vinne nikaingia ya viwili. Wiki ya kwanza majirani waliuliza maswali, ya pili wakapata mtu mwingine wa kumsema. Vyumba vyako vitakuwa viwili, ndiyo, lakini vitanyooka kuliko nyumba zote za mtaa ule, na fundi yeyote akipita atajua nani amejenga.

Limebaki lile gumu. Fundi, mwanamke anayelipa nyongeza ya kodi tarehe mbili bila kukuuliza, halafu akakuuliza habari za zege, unadhani hajui? Anajua. Ameishi na mwashi maisha yake yote, siku za zege anazihesabu vizuri kuliko wewe. Miezi saba amekuwekea nafasi ya kusema mwenyewe, kwa sababu bado anajivunia kuwa mkeo na hataki kukukamata kwenye uongo kama mtoto.

Basi leo, kabla hujampigia mkandarasi, vuta kiti ukae mbele ya cherehani yake. Usianze na bei ya saruji wala na serikali. Mwambie, "Hela zimekwisha, niliziweka zote chini. Vyumba vyako viwili naanza kuvijenga Jumamosi, kwa mikono yangu." Kisha nyamaza, naye aseme yake, na hata akipandisha sauti usiinuke kwenye kiti.