Soketi ya Sebuleni na Baba Mkwe Nisiyemtazama

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Mvua imeanza saa tisa na sasa yamebaki manyunyu. Baridi ya huku Mbulu haijawahi kunizoea wala mimi kuizoea, lakini leo tatizo siyo baridi: naandika haraka kabla chai haijachemka. Mwandiko ukiwa mbaya, ndiyo hiyo.

Leo nimeongea na baba mkwe.

Mtu wa huku akisoma hivyo atauliza kuna ajabu gani. Kwetu Tukuyu ipo. Mwanamke haonani na baba wa mumewe. Hamsalimii, hamtazami, hakai alipokaa, jina lake halitamki. Mama yangu akimsikia babu akikohoa njiani alikuwa anaingia migombani na ndoo yake ya maji kichwani, anasimama kimya mpaka apite. Nimekulia humo. Jina la mzee huyu nalijua vizuri, lakini hata humu daftarini siliandiki.

Na mimi ndiye mwalimu wa sayansi hapa shuleni, na vipindi viwili vya siasa nimebebeshwa juu. Juzi tu nimesimama mbele ya Kidato cha Pili nikawaeleza kwamba mila zinazomfunga mwanamke hazina nafasi katika taifa letu jipya. Nilisema kwa sauti kubwa, wakaandika. Kisha nikarudi nyumbani nikapitia mlango wa nyuma ili nisipite sebuleni.

Mzee yupo kwetu wiki ya pili sasa. Anasubiri siku aliyopangiwa kwenda hospitali ya Haydom kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yamefunikwa na utando. Anatambua mchana na usiku, basi. Boay, mume wangu, alimleta kutoka kijijini, akakaa naye siku tatu, kisha kazi ya ubwana shamba ikamwita Balangdalalu kwenye mambo ya mbegu. Kabla hajaondoka aliniambia mawili. La kwanza, soketi ya sebuleni ni mbovu, isiguswe. La pili, mila yangu ameshamweleza baba yake, nisiwe na wasiwasi.

Basi tukaishi hivyo. Mzee sebuleni, mimi jikoni, pazia katikati. Chakula nakiweka kwenye kigoda kando ya pazia, nagonga fremu ya mlango kwa kijiko, naondoka. Nikigonga mara moja ni chai, mara mbili ni ugali. Hatujakosana hata siku moja.

Sasa hiyo soketi. Iko chini, karibu na kiti anachokaa mzee. Kifuniko kimepasuka, skurubu moja haipo tangu tuhamie, na yote inacheza ukutani kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Redio ikichomekwa inakwaruza, na baadaye unasikia harufu ya kuungua. Fundi wa jenereta ya shule inayotupa umeme anasema mpya lazima itoke Arusha, na Arusha wanasema hakuna. Boay aliibandika plasta ya vidonda juu yake, akaona amemaliza kazi.

Wiki iliyopita nilikuta ile plasta imebanduliwa.

Mzee alikuwa nje anaota jua, nami ndipo huwa naingia kufagia. Plasta ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa dirishani. Nikafikiri imedondoka, nikairudisha. Kesho yake imebanduliwa tena, na mahali pa ile skurubu iliyopotea pana skurubu nyingine, ya zamani, yenye kutu kidogo. Nilipiga magoti nikaangalia kwa karibu. Kwenye tundu la ukuta, lililokuwa limepanuka, mtu alikuwa ameingiza kijiti kilichochongwa vyema ili skurubu ipate kung'ata. Soketi haikucheza tena.

Skurubu nilijua imetoka wapi. Mzee ana kopo la misumari, skurubu na bawaba alizong'oa kwenye nyumba yake ya zamani walipohamishiwa kijiji kipya. Boay aliniambia nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, na siku ya kuhama hakusema chochote, aling'oa tu vyuma vyake kimoja kimoja. Lakini kutengeneza soketi bila macho? Hilo ndilo lililoninyima utulivu. Nikawa nachungulia kupitia upenyo wa pazia, mwalimu mzima, huku nimejifunika kitenge kichwani kana kwamba kitenge kinapunguza kosa.

Nikagundua ana utaratibu. Anakaa kwanza, anainamisha kichwa, anasikiliza. Jenereta yetu iko nyuma ya bwalo na huwa inawashwa saa moja jioni kwa ajili ya wanafunzi kujisomea. Ikinguruma, mzee haigusi soketi. Ikiwa kimya, anachukua kisu chake kidogo, anafungua skurubu, anapapasa ndani taratibu, anakwangua kitu, anapuliza, anafunga. Siku ya tatu usiku, mzee akiwa ameenda kulala, nilichomeka redio, ikakwaruza kidogo tu. Nimefundisha umeme miaka minne kwa chaki na ubao, sijawahi kufungua soketi hata moja. Huyu hajawahi kukaa darasani, na alikuwa amekwishafahamu kwa masikio yake lile la muhimu kuliko yote.

Ningepaswa kumzuia, najua. Ningemzuia vipi? Barua hasomi. Kumtuma jirani ningeweza, na sikumtuma. Nataka niwe mkweli humu: nilitaka kuona ataishia wapi.

Leo asubuhi mkuu wa shule alitutangazia ofisini kwamba wageni wa wilayani watafika mchana kutazama karakana, kwa hiyo jenereta itawashwa saa tisa. Nilisikia. Nikawaza moja kwa moja kwamba lazima mzee apate habari. Kisha nikaingia darasani, nikasahihisha madaftari, nikasahau kabisa.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mvua ilikuwa imeshika kasi na bati letu halina dari, unajua lilivyo, hata mawazo yako huyasikii. Nilikuwa navua viatu jikoni nilipoona taa ya sebuleni inawaka ng'ambo ya pazia. Nikajiuliza nani ameiacha. Halafu nikaelewa taa inawaka kwa sababu kuna umeme.

Nilikimbilia pazia. Mzee alikuwa chini kwenye mkeka, kifuniko cha soketi kimelala kando, kisu mkononi. Kichwa kilikuwa kimeinama vilevile kama siku zote. Alikuwa amesikiliza, hakusikia injini, kwa sababu hakuna mtu angeweza kuisikia kwa mvua ile. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake na yeye hakuijua. Ncha ya kisu ilikuwa inaelekea ukutani, polepole, ikitafuta.

Niliinua kijiko. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa, mkono wangu ulitafuta kijiko kwanza. Kijiko kingemwambia nini? Chai iko tayari.

Nikafungua pazia nikaingia. "Baba, toa mkono. Umeme umewaka."

Mkono ukasimama. Akaurudisha hadi kifuani, akakiweka kisu chini kwa uangalifu. Miguu yangu ilikuwa inataka kurudi jikoni bila mimi. Hakugeuka haraka. Alipogeuka, yale macho yake meupe yalinitafuta yakakosea kidogo, yakaangalia mlango.

"Kumbe una sauti," akasema.

Nikasema shikamoo. Wiki ya pili hii, shikamoo ya kwanza. Akaitikia marahaba mwanangu, taratibu.

Nilimweleza habari ya wageni, nikamwambia nilijua tangu asubuhi nikasahau, na kwamba angekufa kwa usahaulifu wangu. Hakukasirika. Akataka kujua nimetambuaje kama umeme upo, nikamwambia taa iko juu yako, baba. Akainua uso akaitafuta, akatabasamu kama mtu aliyefanyiwa mzaha. Halafu akaniuliza maswali: kwa nini waya ziko tatu na siyo moja, moto unakujaje ndani ya chuma bila chuma kuwa cha moto, injini ikizimwa ule uliobaki njiani unakwenda wapi. Wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza hilo la mwisho. Nilijibu nikiwa nimesimama, nimeutazama ukuta.

Saa kumi na moja mvua ikapungua na tukaisikia injini inazimwa. Nilijaribu swichi ya taa mara tatu kuhakikisha. Ndipo akasema shida yake. "Hii moja ilikuwa imelegea, nimeikaza. Lakini leo kabla ya mvua mbili zilitoka pamoja, sijui ipi ni ya wapi. Vidole havijui rangi."

Kwa hiyo nilikaa chini. Kwenye mkeka mmoja na baba wa mume wangu. Nikamwambia nyekundu ni hii, nyeusi hii, kijani hiyo ya juu, nikazisogeza kwenye vidole vyake moja moja, na kila moja akaikaza, akaivuta kuijaribu. Vidole vyake vina ugumu wa mpini wa jembe na havikukosea hata mara moja. Kifuniko kikarudi, kijiti na skurubu ya nyumba yake vikashika.

Udadisi wangu haukunipa nafasi, nikamuuliza kwa nini amejisumbua siku zote hizi, na redio yenyewe hajawahi kuigusa.

Alifuta kisu kwanza kwenye shuka lake.

"Boay alisema hii kitu ni mbovu, inaweza kuua mtu. Mimi nakaa hapa, nasikia miguu yako inakuja, inaishia kwa pazia, inarudi. Kila siku. Nikasema huyu mtoto anaogopa hii kitu ya ukutani. Ikipona, ataingia."

Boay hakumweleza mila yangu. Hata neno moja.

Jibu la kweli lilikuwa hapo mdomoni, na nilipolipima nikaona sina nguvu za kulitoa: siyo soketi niliyokuwa naikwepa, baba, ni wewe. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naiogopa sana.

"Na sasa?"

Nikasema sasa nitakuwa naingia.

Nimedanganya kwanza, kisha nimeahidi, yote kwa pumzi moja, na sijisikii kutubu hata kidogo. Boay akirudi tutakuwa na mazungumzo marefu. Mama sijui nitamwandikia nini; labda nisimwandikie. Chai imechemka, nimeimimina vikombe viwili. Ninachojiuliza ni kimoja tu: nikifika nayo, nikae kiti cha dirishani, au kile kilicho karibu naye?