Mashine ya Mama Haizimwi

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Jana mama alikula uji vijiko vinne, na nesi wa asubuhi amenipa kiti chenye mgongo. Ofisi yangu sasa iko kati ya kitanda na dirisha, maana ndipo mtandao unaposhika.

Uliniandikia nisimuudhi bosi. Umechelewa. Leo, katikati ya kikao cha kwenye kompyuta, aliuliza ni kwa nani kunakokoroma. Nikasema ni mashine ya oksijeni ya mama. Akasema, "Basi izime kidogo, dakika tano tu tumalize."

Nikamgeuzia kamera amwone mama na mipira yake puani. "Mwombe mwenyewe," nikamwambia. Mama, macho kayafumba, akasema polepole, "Mwanangu, mzime huyo."

Nikamzima.

Huenda sina kazi tena. Sijafungua barua pepe, wala sina haraka. Daktari anasema siku zimebaki chache. Wewe unasema hospitali zinakutia kizunguzungu. Njoo upatwe nacho hapahapa, umekaa. Kiti cha pili nimeshakuombea.

Ni mimi mdogo wako, mbishi yuleyule.