Majivu ya Tanuri Si Majivu ya Jiko

Garland, Texas

Mdogo wangu Hamadi,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya kila anayelala chini ya paa lenu. Mama kifua chake kikoje? Na wifi yangu Zuwena, mimba imeshamvimbisha miguu au makubadhi bado yanamwingia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia tangu Jumamosi, na wewe ndiye uliyeutikisa.

Ile picha yako umevaa ovaroli mbele ya tanuri jipya la kuchomea taka niliionesha msikiti mzima. Nikawaambia nchi yetu ndogo, lakini imechoka na lile jaa la nyuma ya skuli, na nzi wake, na ule moshi uliotutoa machozi utotoni. Nilijiona kama tanuri ni langu.

Kisha ukaleta video. Mama amekaa kibarazani, majivu kiganjani, anayapuliza huku anacheka, kanga yote nyeupe. Na sauti yako nyuma: "Laini kama unga wa ngano, dada. Nimemletea viroba viwili. Kimoja cha mbolea ya mchicha, kimoja Zuwena anasugulia masufuria."

Nikarudisha tonge sahanini.

Hamadi, unajua nafanya usafi, lakini sijakwambia wapi. Ni mahali wanapochoma taka za mahospitali. Nilipoanza kazi niliona majivu yamemwagika chini, nikaikumbuka sufuria yangu niliyounguzia wali, nikainama niteke kidogo. Mama Esperansi, Mrundi ninayefanya naye kazi, akanidaka mkono.

"Weye, unajitafutia kaburi, na huku hata si kwenu?"

Nikamwambia majivu ni majivu, kwetu ndiyo sabuni.

"Ya kuni, sawa," akasema. "Haya ni ya kila kitu. Moto unakula tambara, unakula plastiki. Madini ya betri hayaungui, yanabaki humo yamesagika."

Huku hayashikwi bila glavu na barakoa, na humwagiwa maji kwanza yasipeperuke. Nami nilikuwa nimeinama na mkono mtupu.

Ndiyo maana nilikupigia mbio mbio. Ukanicheka. "Dada, Amerika imekutia woga. Moto ushatakasa, ndiyo kazi yake." Mama naye akadakia, "Mwache, kasahau hata kusugua sufuria." Nikacheka nanyi. Kisha nikakaa ndani ya gari, nikashindwa kuliwasha. Na juzi nilipopiga nilimsikia mama akikohoa nyuma yako, ukasema vumbi tu. Vumbi la nini, Hamadi?

Basi naandika, maana barua haikatizwi na kicheko. Nani alitufundisha kuwa moto unatakasa? Chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulifundishwa kujitakasa kwa maji, na maji yakikosekana, kwa udongo. Moto haumo.

Silikatai tanuri, mdogo wangu. Bora hilo kuliko jaa. Lakini majivu yake yana pahala pake, na si jikoni kwa mwanamke mwenye mimba. Muulize mkubwa wako wa kazi yanatakiwa yaende wapi, na kama hajui, usione haya kumuuliza aliye juu yake. Viroba virowesheni, mvifunge, uvirudishe. Mchicha ung'oeni wote, hata mama akinuna. Zuwena amwambie mkunga kliniki, asifiche. Mama naye umpeleke akapimwe kifua. Na wewe kazini uwadai barakoa, hicho kitambaa cha shingoni nilichokiona pichani hakitoshi.

Barua hii anakuletea Bi Salma, aliyekuwa jirani yangu kabla hajahamia Houston, anakuja huko kumuozesha mwanawe. Nimemfungia na stilwaya za kusugulia, nyingi, Zuwena asikose cha kusugulia.

Mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Wifi yangu mwambie kila nikisujudu namtaja yeye na kilichomo tumboni.

Ukimaliza kusoma usinipigie kunicheka. Nipigie kwa video, unioneshe kitalu cha mchicha kitupu.

Dadako asiyelala kwa ajili yenu,
Mwanakheri